Baba Yake Shangazi Verla Hakuzama

Twila, acha unachofanya usome hii.

Si nilikuambia leo nampeleka shangazi Verla, yule binamu yake baba, mahakamani, akatafute faili la mirathi ya baba yake? Yule aliyezama kwenye Mto Ohio shangazi akiwa mdogo?

Hakuzama.

Nasema hakuzama, Twila. Faili halipo, ila tangazo la kifo tumelikuta humo mahakamani, kwenye magazeti ya zamani ya kaunti ya jirani. Alikufa mzee kabisa, akaacha mke na watoto watano. Shangazi hatajwi.

Karani wa mahakama akachungulia juu ya mabega yetu, akasema, "Huyo ni babu yangu." Hivyo tu.

Shangazi akamuuliza, "Alikufaje?"

"Usingizini, mama."

"Usingizini," akarudia. "Sisi tulimlilia mtoni."

Karani ndiye aliyelia. Shangazi akampa kitambaa, akamuuliza kaburi liko wapi. Karani akaomba ruhusa kazini atupeleke mwenyewe.

Sasa tuko garini. Shangazi anapaka rangi ya mdomo. Nimemuuliza ya nini.

"Nimemngoja tangu utotoni," kasema. "Siwezi kwenda kumtukana nikiwa hovyo."