Salamu za Getini

Jumapili, 9 Machi

Nimemkosea Mama Pindo. Naandika hivyo kwanza, kabla sijaanza kujitetea. Mdomo wangu naujua.

Mama Pindo ni jirani yangu kazini. Mimi kinyozi, yeye fundi cherehani. Kati ya kibanda changu na chake kuna ukuta wa mbao tu. Kila asubuhi nikifungua nagonga ukuta kwa kitako cha mashine ya kunyolea, naye anajibu kwa mkasi. Ndiyo salamu yetu, miaka na miaka. Nikichelewa anagonga yeye kwanza — maana yake, kaka, umelala?

Tangu siku ya kura hajagonga. Mimi pia sijagonga.

Siku ile nilikaa kwenye geti la shule, pale watu walipoingilia kwenda kupiga kura. Nilipewa kiti cha plastiki na kizibao cha njano. Aliyenipa ni Bwana Kofia, mtu wa chama hapa mtaani. Tunamwita hivyo kwa sababu hata akija kunyolewa kofia anaivua dakika ya mwisho. Watu wa tume ya uchaguzi walikuwa wamechora mstari wa chokaa chini: ndani ya mstari hakuna mambo ya chama. Yeye akakiweka kiti changu nje kidogo. Mguu mmoja wa kiti ulikanyaga chokaa, akausogeza kwa kiatu, taratibu, kama mtu anayetengeneza zulia.

Akasema kazi ni nyepesi. Wewe salimia watu tu. Kwa jina, kwa sauti. Halafu kila mmoja muulize jambo moja la kwake — mtoto, kazi, kibanda. Nani anawajua watu wa hapa kama wewe?

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nilivimba kichwa. Sijawahi kukalishwa kiti mbele za watu, mimi ndiye ninayekalisha wenzangu.

Yeye alisimama nyuma yangu na simu yake. Hakusema neno na mtu.


Jumatatu, 10 Machi

Kibanda kilijaa leo. Maneno ni yaleyale: watu walitishwa au hawakutishwa? Kila redio, kila kona.

Fundi redio alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Akawa anabishana na muuza matairi kupitia kioo. Akasema mtu anakuja na kura yake moyoni, anakuta getini mmoja anamtaja jina na mwingine kamwelekezea simu. Hayo yanaitwaje?

Muuza matairi akasema yanaitwa ukarimu.

Watu wakacheka. Fundi redio akataka kusimama, nikamrudisha kwa bega, wembe ulikuwa karibu na sikio. Muuza matairi akaendelea. Nani alipigwa? Nani aliguswa hata ukucha? Mtaa mzima aliyelalamika kwa jina lake ni mmoja tu, Mama Pindo, na Mama Pindo tunamjua, hata panya akipita anapanda juu ya meza.

Fundi redio akasema, "Mmoja ndiye aliyethubutu. Wengine unafikiri hawana midomo?"

"Basi tumuulize kinyozi. Kinyozi, si ulikuwepo?"

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kuwasha mashine tu, kelele ikameza lile swali. Lakini nilikuwa na watu wananitazama, na mimi nikitazamwa napotea.

Nikasema, "Mimi nilisalimia watu. Tangu lini shikamoo ikawa vitisho?"

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa. Muuza matairi alinipiga mgongoni. Hata fundi redio alitabasamu, kidogo, bila kupenda.

Ng'ambo ya ukuta cherehani ilikuwa inakwenda. Ikasimama. Haikuwaka tena mpaka nafunga.


Jumatano, 12 Machi

Ule mzaha wangu umeota miguu. Leo vijana walipita mlangoni kwa Mama Pindo wakaimba pamoja, "Shikamoo Mama Pindo, samahani kwa kukutisha!" Wakapita tena. Nilimsikia akijibu marahaba. Mara zote mbili alijibu, sauti ileile. Nadhani ndicho kilichoniuma zaidi, kwamba aliitikia.

Mchana kaja Bwana Kofia. Hakuja kunyolewa. Kasimama mlangoni akichezea pazia langu la shanga. Kamati ya malalamiko itakaa Jumatano ijayo, ukumbi wa shule. Anataka nikaseme pale nilivyosema hapa. "Lile neno lako ni dawa, mzee. Ukilitoa vilevile ukumbi utacheka, na kitu kilichochekwa hakina kesi."

Nikamuuliza, yeye itakuwaje?

Nani?

Mama Pindo.

Akasema sheria ipo. Anayeleta malalamiko ya uongo juu ya uchaguzi anashtakiwa. Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba shule nayo imeamua sare za mwaka huu kumpa fundi mwingine.

Nilikuwa nafagia nywele. Nikafagia sehemu ambayo nimeshafagia.


Alhamisi, 13 Machi

Jumapili sikuandika yote. Naandika sasa, maana nikiacha tena sitaandika kamwe.

Siku ya kura Mama Pindo alikuja asubuhi, bado hakujapamba moto. Kavaa gauni la bluu, lile alilojishonea kwa harusi ya mwanawe. Nikamwita kwa sauti, foleni yote isikie.

"Shikamoo Mama Pindo! Na zile sare za shule, bado wanakupa?"

Basi. Ni hayo tu. Ukiyaandika hayana ubaya wowote, ndiyo maana muuza matairi anashinda ubishi kila siku.

Lakini habari ya sare hakuwahi kuniambia. Niliisikia kupitia ukuta, akimwambia binti yake kwamba bila kazi ile ya shule kibanda hawezi kukilipia. Na shule ndiyo hiyo tuliyosimama getini kwake. Na bwana mkubwa wa shule ni shemeji yake Bwana Kofia, kila mtu anajua. Na Bwana Kofia yuko nyuma yangu na simu.

Alinitazama mimi. Akamtazama yeye. Akalitazama jengo. Halafu akainama akafunga mkanda wa kiatu, na mkanda haukuwa umefunguka. Nilikuwa karibu, niliuona. Alikuwa anatafuta tu namna ya kugeuka bila watu kusema amekimbia.

Akageuka, akaenda zake.

Nilijua. Hapo hapo nilijua kwa nini nimewekwa pale. Nikamsalimia aliyefuata.

Watu wanapokaa kwenye kiti changu wanainamisha shingo wanasema yao. Mke, deni, mtoto aliyefukuzwa chuo. Sijawahi kuyatoa nje, na nilikuwa najisifia hilo. Siku ile niliyatoa yote, moja moja, getini, huku nimevaa njano.


Jumamosi, 15 Machi

Mama Pindo amerudisha shuleni vitambaa vya sare leo. Kavibeba mwenyewe, mafurushi mawili, akaenda, akarudi, akaenda tena. Nilikuwa namnyoa mtu ndevu. Nilijiambia siwezi kuacha wembe kwenye shingo ya mtu.

Ndevu zilikwisha safari yake ya kwanza. Ya pili nilikuwa nanoa wembe ambao tayari ni mkali.


Jumapili, 16 Machi

Mke wangu alikuwa anapiga pasi, mimi nimekaa kitandani najisemea yale ya Jumatano. Nilidhani nasema kimoyomoyo. Kumbe nasikika.

Akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Na mimi ungeniuliza nini?"

"Wapi?"

"Pale getini. Kila mtu ulimuuliza la kwake. Mimi ungeniuliza lipi?"

Nikacheka. Nikasema wewe ningekuuliza chakula cha mchana ni nini. Hakucheka. Akaiegesha pasi, akanionyesha mkono. Vidole vyote. Havina wino.

Wote waliopiga kura walipakwa wino kidoleni, wa zambarau, hautoki upesi. Wateja wangu bado wanao kwenye kucha, kila siku nauona. Mkono wa mke wangu sikuutazama. Nakula naye, nalala naye, ananipa kikombe mkononi, sikuutazama.

Akasema alifika kona ya duka la dawa akaniona. Akajua nikimwona nitamwita. Akarudi nyumbani akafua.

Nikamwuliza, "Uliniogopa?"

"Kukuogopa wewe? Wewe unayekimbia mende?" Akaichukua pasi tena. "Wenzangu ndio walikuogopa. Mimi nilikuonea haya."

Akamaliza shati langu jeupe. La Jumatano. Akalitundika, akafunga na kifungo cha shingo, vizuri kabisa.


Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda kwake.

Nilifungua mapema, kabla ya wateja. Nikagonga ukuta kama zamani. Cherehani ikasimama. Nikasubiri mkasi. Kimya. Nikagonga tena, kimya, nikajiona mpumbavu, mtu mzima nabisha hodi kwenye mbao wakati mlango upo.

Nikazunguka. Alikuwa anatia pindo suruali ya mtu, pini mdomoni. Meza ya sare tupu. Amefunika kwa gazeti.

Nikasema shikamoo dada. Neno lenyewe likanikwama, maana sasa hapa mtaani ni mzaha, na mzaha ni wangu. Akaitikia marahaba kwa kichwa, kwa sababu ya pini.

Nikaanza. Nikamwambia nilitumwa, niliambiwa nimuulize kila mtu jambo lake. Nikamwambia habari ya sare niliisikia ukutani. Nikamwambia nilimwona akifunga mkanda ambao haujafunguka. Hapo akaacha kushona. Nikaendelea kwamba Bwana Kofia alisema hivi, na mimi sikufikiri vile, na kizibao, na —

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto.

"Kaka, haya unaniambia mimi ya nini? Mimi nilikuwepo."

Nikasema naomba msamaha.

"Sikia. Mimi Jumatano nitaulizwa, Mama Pindo, ulitishwa kwa maneno gani? Nitasema, nilisalimiwa. Na ukumbi utacheka. Wewe ndiye uliyewafundisha kucheka." Akavaa miwani. "Kawaambie ambao hawakuwepo. Mimi nina suruali ya mtu hapa, anaifuata saa sita."

Akawasha cherehani.

Sasa ni mchana, naandika kibandani, pazia nimeshusha. Bwana Kofia ametuma ujumbe. Jumatano atakuja na gari kunichukua nyumbani, nisitembee juani, na mimi ndiye nitakayeitwa wa kwanza. Hajui alichonipa hapo. Gari sitapanda. Nitatoka mapema kwa miguu, na kizibao nitakibeba kwenye mfuko, sitakivaa, nitakiweka juu ya meza ya kamati. Nitasema nani alinipa. Nitasema nani alikiweka kiti na jinsi alivyosogeza mguu wa kiti usikanyage chokaa. Nitasema niliyouliza, mtu kwa mtu, na kwa Mama Pindo nitasema ni sare, na kwamba sare zenyewe leo hii hana. Nitasema nilijua. Hilo la mwisho ndilo gumu, naweza kulimeza nikitazamwa, kwa hiyo nitaanza nalo. Jumatano, kabla hajaitwa Mama Pindo. Akifika zamu yake wawe wameshamaliza kucheka, au wanicheke mimi.

Mke wangu nimemwambia. Kasema atakuja, atakaa mbele, nimwone.

Fundi redio anabisha mlango, nywele za nyuma zimeota anataka zipunguzwe. Ng'ambo cherehani imesimama. Sijui kama anasikiliza au anatunga uzi. Mashine ninayo mkononi, na ukuta uko hapa, mkono ukinyooka unafika. Sigongi. Mpaka Jumatano jioni, nikitoka kule, ndipo nitagonga, naye akitaka atajibu.