Soksi za Muriuki

Mjukuu wangu Wangeci,

Sisi huku Endarasha tuko salama. Mvua imekuja, viazi vimeshika vizuri, na nyanya yako anasema usitoke nje bila kofia.

Umeniuliza kama niliwahi kukanyaga ziwa lililoganda, kwa kuwa huko Kanada unaogopa kuvuka lenu. Ndiyo. Miaka ile baada ya uhuru, mimi na ndugu yangu mkubwa, Muriuki, tulikuwa tukiwabebea wageni mizigo Mlima Kenya. Asubuhi moja, kabla jua halijatoka, tulitembea juu ya theluji ngumu mpaka kwenye ziwa dogo lililoganda, karibu na kilele.

Muriuki akasimama. Tangu utotoni tulimwona baba akiomba akiuelekea mlima huu, makao ya Mungu, na sasa tulikuwa juu yake. Akavua viatu, akakanyaga barafu kwa soksi zilizoloa, zile mama alimfumia, akainua mikono. Aliomba sana, hata ng'ombe aliwaombea. Aliposema amina, miguu ikakataa kutoka. Soksi zilikuwa zimegandia barafu!

Tulivuta, tukavuta, mwishowe akachomoka miguu mitupu. Nilidhani atakasirika, maana hakuwa na nyingine. Akavaa viatu, akabeba mzigo wake, akasema, "Soksi amechukua, miguu ameniachia. Twende."

Basi waulize wenyeji kama barafu imeshika, halafu uvuke. Na ukisikia hamu ya kuomba, omba ukitembea.

Ni mimi guka wako,
bado niko na miguu yote miwili.