Spika ya Baba

Jumamosi, 14 Agosti 1976. Naapa kuandika yote, hata chuki yangu.

Fundi wa mtaa wa Kambarage nilimpa gramafoni ya Baba aunge nyaya tu. Amebadilisha spika! Hii aliyorudisha imechanika. Nimeiweka ndani ya mtungi wa Mama ili sauti ivume, ikakoroma.

Nikamrudia. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Binti na spika, wapi na wapi?" Wateja wakacheka. Spika iliyokuwa ikiimba mezani kwake ina jina la Baba, alilolichora mwenyewe kwa msumari. Nikarudi nyumbani.

Baba, aliyeharibiwa masikio na baruti za mgodini, aliinamia mtungi. "Nasikia vizuri, mwanangu." Santuri ilikuwa imekwisha.

Jumatatu nitampeleka Baba kwa fundi alisome jina lake kwa sauti, mbele ya wateja wale wale. Mungu wangu, nijibu kesho kanisani: ni dhambi kutaka fundi yule alie?