Fundi, Yale Mabati Tuliyoyatoa

Fundi Ndahani,

Shikamoo. Nimezoea marahaba yako ya kutoka chini ya gari, bolti ikiwa mdomoni, lakini leo nitaendelea tu bila kuitikiwa. Ni mimi Nestori, yule Muha wako. Unajua niliishia darasa la nne, na mkono umechoka kwa sababu tangu asubuhi nimebeba magunia sokoni. Lakini neno hili haliwezi kukaa tena. Nimekutaja mbele ya watu wa Kibaigwa kwa kosa tulilolifanya. Nimeona ulisikie kwangu.

Kwanza za nyumbani. Mkeo Mama Neema hajambo, miguu tu inamsumbua. Gereji haijafungwa. Ulipofariki nilifikiri nitapanda treni nirudi Kigoma, nikakuta siwezi kumwachia spana zako mama yule peke yake. Basi asubuhi ni mbeba mizigo, mchana ni fundi.

Sasa lile neno lenyewe.

Unazikumbuka zile pikapu zilizoingia baada ya ruksa ya kuagiza magari, kila mwenye biashara ya mahindi akawa nayo. Chini zilikuwa na bati jembamba lililofunika ekzosi. Kwenye mashimo ya njia ya Haneti bati lile lililia kama debe tupu, na wenye magari wakachoka. Ukasema, "Toa hilo debe. Gari si ngoma." Tukatoa. Mama lishe wakayachukua wakachomee chapati. Watu wakakusifu, "Ndahani kanyamazisha gari!" na kila pikapu ya aina ile iliyoingia gereji tuliitoa bati hata kama haikuwa na kelele. Wewe ulisema, mimi nilishika spana.

Kiangazi hiki redio ikatangaza. Wenye pikapu za aina hiyo wote wazipeleke kwenye yadi ya wakala anayeziuza, Dodoma mjini, zikaguliwe bila malipo. Bolti za lile bati hukatika, bati likaanguka, nyasi kavu zikajikusanya kwenye ekzosi na gari likawaka moto. Karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Nikaisoma kwa kidole, mara mbili. Nilipofika kwenye neno "bati" kidole kikabaki hapo hapo. Wao walikuwa wanaogopa bati kuanguka. Sisi tulikuwa tumeyatoa kwa mikono yetu!

Na nikanyamaza, Fundi. Nikajiambia redio imeshasema, mimi ni nani. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona watu wakihamia gereji ya ng'ambo ya barabara, Mama Neema akifunga mlango, na jina lako likitemewa mate.

Hakuna aliyepeleka gari. Mzee Rajabu, yule mfanyabiashara aliyehamia kwetu kutoka mjini Dodoma, ambaye babu zake walikuja na misafara, aliwaambia wenzake kwenye kahawa, "Ukiitwa uje na mali yako, unarudi na mikono yako. Mmesahau miaka ya wahujumu uchumi?" Mmoja akasema hii si serikali, ni wakala. Mzee akamuuliza, "Wakala wa nani?" Wakacheka, lakini kabla wiki haijaisha pikapu zilikuwa zimepotea barabarani. Wamezificha. Na wamezificha wapi? Mashambani, chini ya mabua ya mahindi! Gari linatoka safari, ekzosi bado ya moto, wanaliingiza kwenye mabua makavu na kulifunika kama mtu anavyofunika viazi.

Mzee Rajabu alinichukua nikampakilie magunia Haneti. Tulifika karibu na alasiri. Akaingiza pikapu yake shambani, akashuka, akaniambia, "Nestori, funika."

Hapa ndipo pa kunikasirikia. Nilijua, na nikafunika. Nilibeba mabua kwa mikono miwili nikayaweka juu, huku nikijiambia leo haitatokea.

Mzee akatandika mkeka wake nyuma ya gari, penye kivuli, akaanza kuswali. Alikuwa amesujudu niliposikia harufu. Moshi ulianza mwembamba, kisha mabua yakashika moto mara moja. Nikamvuta kwa kanzu. Akadhani nimerukwa na akili, akanipiga kiwiko, mpaka alipogeuka akaona. Watu wa shamba wakaja na majembe, tukamwaga mchanga, mchanga, mchanga. Gurudumu moja liliungua na ndevu za mzee zikaungua ncha. Gari lilipona. Mzee alipona.

Akakaa chini kwenye vumbi. Akachungulia chini ya gari muda mrefu.

"Bati la huku liko wapi?"

"Tulilitoa sisi, mzee. Fundi Ndahani na mimi. Hatukujua kazi yake."

"Na leo ulipokuwa unafunika?"

"Leo nilijua."

Akaniita mbwa. Kisha akaniomba maji. Alipomaliza kunywa akasema, "Kesho utayasema haya sokoni, uyaseme yote. Usiposema wewe nitasema mimi, na mimi nitasema vibaya zaidi."

Nikasema. Nilipanda juu ya magunia, nikakutaja wewe, nikajitaja mimi, nikasema magari yatolewe kwenye mabua. Maneno ya watu yakaanza. Mmoja akapiga kelele, "Kumbe Ndahani alikuwa anatufungia moto!" Mwingine, "Mfufueni basi aje aufungue!" Wakacheka. Hilo liliniuma, sitakuficha. Nilitaka kushuka nimshike shati.

Mama Neema alikuwa amesimama kwenye kundi la wanawake wanaopepeta. Akaweka ungo chini. "Mume wangu alikosea kazi," akasema, "hakuwatakia mabaya. Nani hapa hakumshukuru siku ile?" Mzee Rajabu akashika ndevu zake zilizoungua akasema, "Mimi nilimpa mkono. Kesho naenda Dodoma. Anayebaki na mabua yake abaki."

Tulikwenda kwa msururu. Kabla ya kuondoka nililala chini ya kila gari nikatoa nyasi kwa kijiti. Kwenye yadi, mkaguzi alikuwa dada mmoja mwenye ovaroli. Akauliza mabati yako wapi, na wote wakanigeukia mimi. Nikamweleza. Hakutukana. Alinilaza pembeni yake chini ya gari akanionyesha joto linakopita. "Kitu kikipiga kelele, kikaze," akaniambia. "Usikitoe mpaka ujue kiliwekewa nini." Natamani ungekuwepo umsikie. Mngebishana kidogo, halafu ungemkubali.

Hakuna gari lililozuiwa. Mzee Rajabu alilizunguka lake mara mbili akikagua kama halijabadilishwa. Tulirudi na mabati mapya na bolti nene, na mengine nikapewa niwafungie walioshindwa kufika. Ndiyo kazi ya gereji sasa. Nilidhani watatukimbia, lakini wanakuja, na wanauliza kila kitu. "Hiki cha nini, Nestori? Na hiki?" Wananichosha, Fundi, na ninafurahi. Nisichokijua nasema sikijui. Mwanzo neno hilo lilikuwa gumu mdomoni, sasa limelainika.

Sijaacha kukuheshimu. Ulinipa kazi nilipokuwa nalala stendi na kiroba cha nguo. Ulikosea nami nikiwa na spana mkononi, basi nusu ya kosa ni yangu, na kunyamaza kote ni kwangu peke yangu.

Imebaki moja. Ile pikapu ya kijani tuliyoitoa bati, mwenye nayo aliiuza kwa mkulima wa Zuzu, nje ya Dodoma mjini, na nimeambiwa hana redio. Kesho sibebi magunia. Nitapanda basi la kwanza mpaka Dodoma, kisha nitatembea kwa miguu kama hapana budi, na bati lake ninalo hapa limefungwa kwa kamba. Nikimkuta nitamwambia nani alilitoa la kwanza na kwa nini, halafu nitaingia chini nimfungie. Nakuahidi sitarudi Kibaigwa kabla sijalifunga.

Buriani, Fundi wangu. Lala bila wasiwasi. Hilo la Zuzu niachie mimi.

Nestori