Nyumba Iliyofungwa Bado Inatumia Umeme

4 Februari

Shikamoo Dada,

Hujambo wewe na cherehani yako? Magoti yanasemaje? Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanimaliza. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu hunisikii, na nikipaza sauti ofisi nzima inanigeukia.

Dada, kwenye nyumba ya Mama anaishi nani?

Unajua kazi yangu hapa shirika la umeme. Zile mita mpya zinatuma taarifa zenyewe, na sisi tunakaa kwenye kompyuta kusoma nani anatumia nini. Kila birika, kila pasi, kila friji ina namna yake ya kuvuta umeme, ukizoea unaitambua kama sauti ya mtu. Wiki hii programu imetoa majina ya nyumba zilizoandikishwa kuwa tupu lakini zinatumia umeme. Nyumba yetu imo.

Nilifungua grafu yake. Alfajiri birika. Kisha pasi, kidogo tu, kama mtu ananyoosha gauni moja. Kisha redio mpaka karibu na adhuhuri. Nikalinganisha na miaka ya nyuma, Mama akiwa hai. Programu ikaandika: mkaaji yule yule, tabia haijabadilika.

Mwaka mzima tangu tumzike, Dada. Kwa mashine hii Mama hajafa.

Ufunguo unao wewe peke yako. Kaangalie kabla wakaguzi hawajaja kukata. Labda kuna mtu kajipenyeza.

Mdogo wako


7 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti ndiyo hayo, yananiamsha kabla ya jogoo. Ule vizuri huko, sauti yako ya mwisho ilikuwa nyembamba kama uzi wa kudarizi.

Nimekwenda. Kufuli halijaguswa, madirisha yamefungwa vile vile nilivyoyaacha. Nikajisemea, huyu mtoto kompyuta zimemharibu. Nikaingia.

Sakafu imepigwa deki. Kitanda kimetandikwa, shuka limebanwa kwenye pembe kama alivyokuwa analibana yeye. Nikapita jikoni nikashika birika. Lilikuwa la moto.

Niliita, “Nani humu?” Niliita tena, na Mungu anisamehe, safari hii niliita “Mama?” Halafu nikatoka mbio, na magoti yangu haya! Jirani aliyekuwa anaanika nguo akacheka, “Leo umesahau nini tena?” Watu wengine hawana adabu.

Sitaki kurudi peke yangu.

Dada yako


9 Februari

Shikamoo Dada,

Pole, Dada yangu. Usirudi peke yako. Nimekutumia kifurushi kwa basi. Ndani kuna kamera ndogo, haizidi kiberiti. Mpe fundi wa umeme aifunge sebuleni, ielekee mlango. Mtu akiingia itapiga picha na kunitumia mimi huku. Kama ni mwizi tutampata akiwa na birika mkononi.

Na wewe, jirani alimaanisha nini kusema “tena”?

Mdogo wako


13 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Fundi ameifunga. Ameniuliza tunamwogopa nani, nikamwambia panya. Akaona gauni lililonyooshwa, akasema panya gani wanapiga pasi. Nilimkata jicho, akarudi kwenye nyaya zake.

Jirani sijui alimaanisha nini, mwache na maneno yake. Mimi nina yangu ya kunikera. Wateja wamenijia juu, eti asubuhi wanakuta duka limefungwa. Mama mmoja ameninyang'anya sare za watoto wake kampelekea fundi mwingine. Na mimi asubuhi zote niko humo humo ndani ninashona! Mtu atakuzuliaje uongo mchana kweupe?

Dada yako


18 Februari

Shikamoo Dada,

Picha zimeanza kuja. Nimeziangalia mpaka macho yananiuma. Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza, “Umefiwa?” Nikageuza kompyuta asiione picha.

Dada, jana asubuhi ulikuwa wapi? Fikiri taratibu kabla hujanijibu. Nakuambatanishia picha moja, ile inayoonekana vizuri.

Mdogo wako


19 Februari

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Nimelia, nimecheka, nimelia tena. Ndiye! Sweta lake la kijani, mabega yake yameinama hivyo hivyo, mkono ukutani akivua viatu. Na sisi tulimfukia! Sasa nimeelewa kwa nini lile birika lilikuwa la moto. Mimi nilimkimbia mzazi wangu kama mtu aliyeona nyoka.

Asubuhi hiyo nilikuwa dukani, ningekuwa wapi? Laiti ningekuwa kule.

Usimwambie mtu. Wakija na maswali yao watamtisha. Wakaguzi wako wazuie, wasimkatie umeme.

Dada yako


19 Februari, jioni

Dada yangu,

Samahani, leo nasahau hata salamu.

Iangalie picha tena. Tazama shingoni. Ile ni tepu yako ya kupimia, na Mama hakuwahi kushona hata kifungo. Yale ni magoti yako yanayokufanya ushike ukuta. Anayeingia kwa ufunguo ni wewe, Dada. Kila asubuhi. Unavaa sweta lake, unachemsha maji, unanyoosha gauni lake, unakaa na redio. Kisha unarudi dukani na hukumbuki.

Si wazimu, usiogope. Nimeongea na daktari hapa, anasema yapo matatizo ya namna hii na tiba ipo, akuone tu mapema. Nimeomba ruhusa kazini. Kesho napanda basi la kwanza, nitalala njiani, keshokutwa nitakuwa kwako. Kaa dukani. Usitoke. Nijibu hata neno moja.

Mdogo wako


20 Februari

Dada,

Niko njiani, mtandao unakuja na kukatika. Mbona hujibu?

Mdogo wako


21 Februari

Kitinda mimba wangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Hujambo? Umenenepa au ndiyo bado unakula kama ndege? Mimi sijambo, kifua tu asubuhi kinabana, lakini si cha kuitia watu.

Nimeona maandishi yako kwenye simu hii. Ni ya dada yako, sijui imefikaje mikononi mwangu. Unamgombeza nini mwenzio? Mengine sikuyaelewa, ila nimefurahi kwamba unakuja. Nimekutandikia chumba cha uani, kile chenye kivuli.

Mwanangu, nina ombi moja. Ukishuka kwenye basi usije moja kwa moja. Pitia kwanza dukani kwa dada yako umchukue, mje naye. Tangu nilipougua hajakanyaga hapa. Namsubiri kila asubuhi, navaa vizuri, nakaa. Sijui nilimkosea nini. Mwambie sina kinyongo naye.

Mama yako