Mbuzi wa Tatu

Mwaitu,

Mama yangu, goti lako linaendeleaje? Uliniambia lilivimba ulipokuwa ukipalilia ndengu, na tangu hapo sijasikia. Na mvua je, imefika Kyuso au bado mnaangalia mawingu yakipita? Mimi ni mzima. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe ukipokea simu unaiweka sauti kubwa na nyumba nzima inasikiliza, na haya ni ya masikio yako kwanza. Baba utamsomea baadaye.

Nunguni ni baridi, Mwaitu. Ukungu unaingia mpaka ndani ya blanketi. Lakini baridi naivumilia. Kinachonishinda ni hiki kikundi cha maigizo ambako chuo kilinituma nijifunze kusimamia jukwaa. Nilidhani nitashika daftari na kutoa ishara ya kufungua pazia. Kumbe kazi yenyewe ni kuokota uchafu wa watu wazima. Wanatafuna miraa na kutema ndani ya vikombe vya mchezo, vile vile ambavyo mwenzao atanywea jukwaani. Koti la bwana harusi wa mchezo halijafuliwa tangu lishonwe. Nikilitundika nabana pumzi. Vifaa navipanga mezani, kila kimoja nakizungushia chaki ili kijulikane mahali pake, nikigeuka nakuta mtu amekalia meza anakula viazi vya karamu. Nimechukizwa hadi hamu ya chakula imeniisha.

Huyo bwana harusi anaitwa Mutinda. Ni rika la Baba mdogo, ana mke na watoto kwake, na nywele amezipaka rangi nyeusi inayotiririka akitoka jasho. Bibi harusi ni Mwende, mwanafunzi mwenzangu kutoka Matinyani, binti wa mhubiri.

Sasa sikiliza kosa langu. Katika mchezo kuna siku ya kupeleka ntheo, mbuzi wa posa, kwa baba ya msichana, na kikundi kilikuwa kikitumia mbuzi waliokatwa kwenye katoni. Watazamaji walikuwa wakicheka. Mimi kwa kiherehere cha mgeni nikaenda kwa Mzee Kioko anayekaa karibu na ukumbi, nikaazima mbuzi watatu wa kweli, majike wawili na beberu. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Yule anayeigiza baba ya msichana alipokea kamba tatu mkononi, wazee wa mstari wa mbele wakaitikia kwa vichwa, nami nikajipongeza huku nikifagia mavi ya mbuzi.

Wewe unajua mbuzi watatu wakishapokelewa mbele ya watu ni nini kwetu. Msichana amekuwa mke wa mtu, mengine yote ni ya baadaye. Mutinda naye alijua. Tulipokuwa tukivua nguo za mchezo alimshika Mwende mkono, akamwambia, "Ntheo imeenda na watu wote wameona. Wewe ni bibi yangu sasa, wacha maringo."

Wenzake walicheka. Siku iliyofuata wauza mboga sokoni walikuwa wakimwita Mwende bibi ya Mutinda, na Mutinda mwenyewe anapita akisalimia watu kifua mbele. Mwende alilia mpaka macho yakavimba. Aliogopa jambo moja, kwamba jina hilo litafika Matinyani kabla yeye hajafika.

Tulienda kwa mwelekezi wa mchezo. Alikuwa akichokoa meno. Alisema tuwaache watu waongee, ukumbi utajaa, na mwanafunzi asiyetaka asitegemee kitabu chake cha mazoezi ya kazi kutiwa sahihi.

Jumamosi alasiri tulicheza tena, na baba yake Mwende alikuwa amekuja, ameketi mbele na kofia magotini. Wakati wa ntheo ulipofika nilisogeza pazia la pembeni, nikamwachilia mbuzi jike wa kwanza, kisha wa pili. Beberu nilimkumbatia shingo nikabaki naye. Mutinda alingoja, akanitolea macho. Nami nikamtolea yangu. Watu walianza kunong'ona, halafu mama mmoja mzee akasema kwa sauti, bila hata kuinuka kwenye kiti, "Hizo ni mbili. Huyo msichana bado ni wa baba yake."

Ukumbi ukaangua kicheko na makofi. Mutinda alibaki ameshika kamba mbili, rangi ya nywele ikimshuka shavuni. Mwende alivua leso ya harusi, akaikunja vizuri, akateremka jukwaani na kuketi kando ya baba yake. Mchezo uliishia hapo.

Mwelekezi alinifukuza nikiwa bado nimemshika beberu. Kitabu changu hakina sahihi na huenda nikarudia muhula mzima. Nimeumia, sitakuficha. Lakini leo nimepita sokoni na Mwende, tukanunua sukuma, na yule muuza mboga alimwita kwa jina lake.

Nisalimie Susu, nyanya yangu, umwambie sweta aliyonifumia ndiyo imeniokoa na baridi hii. Baba mdogo na mke wake wasalimie pia, na Kyalo mdogo wangu mwambie asiguse vitabu vyangu. Naye Baba mwambie kwamba jioni zile zote alizonisimamisha mlangoni pa zizi nihesabu mbuzi hazikupotea bure. Safari hii nilimwacha mmoja nje kwa makusudi.

Ni mimi binti yako, ninayenuka beberu mpaka leo,

Syombua