Gurudumu la Chiriku

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, mimi kaka yako, ambaye nikifunga kibanda changu cha baiskeli siku moja tu, nusu ya mji huu inakwenda kazini kwa miguu. Hujambo wewe? Shemeji naye, mgongo umepoa? Sisi huku ni wazima, na wifi yako ni mzima kupita kiasi, kama utakavyosikia.

Nimeona nikuandikie kabla mwanao hajarudi akakusimulia kwa mdomo wake, maana Chiriku akianza kusema, ulimi haupumziki. Ulimleta likizo hii ili mimi nimfundishe kazi ya baiskeli na kumtoa ile tabia ya kuacha kila kitu katikati. Mimi, dada, si mwingine.

Nilimpa gurudumu lililopinda alinyooshe. Kazi hiyo ni balaa: unakaza spoku, zile njiti za chuma, hapa, rimu inakimbilia kule, unalegeza kule, inarudi hapa kukucheka. Mimi gurudumu langu la kwanza lilinyooka hata likawa linazunguka lenyewe mpaka mwenye baiskeli akarudi kutoka safari. Chiriku akakaza, akalegeza, akatupa spana, akasema kazi imemshinda. Nikamwambia kwa upole kwamba mikono yake ni ya kulia chakula tu, nikamnyang'anya, nikamalizia mwenyewe. Mtoto hufundishwa kwa kutazama.

Basi wifi yako, ambaye hata kujaza upepo hajui, akatoka ndani na kipande cha chaki. Akakishikilia karibu na rimu ya gurudumu jingine lililopinda, akamwambia mtoto azungushe. Palipopinda pakachorwa. Akamwambia aachane na gurudumu zima, ashughulike na penye alama tu, kisha wafute, wazungushe tena. Chiriku akinuna, wifi yako hamsaidii wala hambembelezi. Anamuuliza tu kama rimu inacheza kama asubuhi au imepungua. Mtoto anatazama, anavuta pumzi, anaokota spana.

Toka hapo nikawa kama kiti kibovu ndani ya kibanda changu mwenyewe. Chiriku akipatia, anamwita wifi yako. Akikosea, anamwita wifi yako. Mimi naambiwa nisogee, nazuia mwanga! Mteja mmoja akauliza nani amemfundisha binti huyu. Chiriku akanyoosha kidole, dada, kikanipita sikioni kikaenda moja kwa moja mlangoni kwa wifi yako.

Sasa nikwambie jambo, na usilisome kwa sauti mbele ya shemeji. Walipoingia ndani kula, nililegeza spoku za gurudumu lake. Si nyingi. Nilitaka akirudi akute limepinda, aniite mimi. Akarudi, akalizungusha, midomo ikamcheza. Nikajiweka sawa, nikakohoa. Hakuita mtu. Akavuta kigoda, akaanza upya. Kesho yake nikalegeza tena. Akaanza upya tena, safari hii huku anaimba. Kwa hiyo ukitazama vizuri, uvumilivu alio nao nimemfundisha mimi.

Ila mara ya mwisho roho ilinisuta, nikataka kulirudisha lilivyokuwa kabla hajatoka ndani. Nikakaza, nikalegeza, jasho likanitiririka, likagoma. Akanikuta nimelikumbatia. Akaitazama spana mkononi mwangu, akanitazama mimi, akasema tu, "Kumbe ni wewe, Mjomba." Nikategemea akimbilie ndani kunishitaki kwa wifi yako. Akakaa kando yangu akanishikia rimu, tukaifanya pamoja mpaka ikatulia.

Na ukweli ni huu, dada. Magurudumu yangu yote hubaki yanacheza kidogo. Nikifika hapo huwa nachoka, nawaambia wateja yatakaa sawa yakizoea barabara. Mpaka nilipoliona lake, sikujua kwamba gurudumu linaweza kunyooka kabisa.

Nisalimie shemeji na majirani wote wanaoniulizia. Wifi yako anakusalimu sana. Hajui nilichoandika, na tumwache hivyo hivyo.

Ni mimi kaka yako,
Fundi